Droo za Mkono wa Kushoto

Sanduku la bati ndilo lililoanzisha yote. Mama yangu analo tangu alipoolewa, lina mfuniko mzito wenye kutu kwenye bawaba, na miaka yote hiyo amelifungua kwa namna moja: mkono wa kushoto unashikilia mfuniko, wa kulia unapekua. Kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia, sanduku likageuka mtego. Siku moja alijaribu kuushikilia mfuniko kwa kichwa. Ukamlalia shingoni, akabaki ameinama vilevile mpaka jirani yake, mjane mwenzake, alipokuja kurudisha ungo na kumkuta anaongea na nguo.

Mama anaisimulia habari hiyo huku anacheka. Mdogo wangu wa kike hakucheka. Yeye ni mwalimu Iringa mjini, na huzungumza na watu wazima kama anavyozungumza na darasa la nne. Alinipigia simu nikiwa karakana, msumeno unalia, akasubiri nizime.

"Kaka, tuwe siriazi. Mtu asiyeweza kutoa nguo yake mwenyewe hawezi kuishi peke yake. Nampa mpaka Pasaka. Kama atakuwa bado hawezi kuvaa bila kufunguliwa kitu na mtu, anakuja kwako Mbeya, na safari hii harudi."

Kwangu Mbeya alishakaa. Alipotoka hospitali tulimleta mtaani kwetu Soweto, hapohapo Mbeya, akapewa chumba cha mbele, na mchana alikuwa anakalia kigoda mlangoni mwa karakana yangu iliyo uani. Nilikuwa nimeondoka nyumbani kijana kabisa kwenda kujifunza useremala, na tangu hapo mama alikuwa mtu wa Krismasi na misiba. Sasa nilikuwa naye kila siku, ananikosoa. Kiti kile miguu yake myembamba. Yule mteja mbona umeongea naye hivyo. Mke wangu alikuwa akitusikia tunabishana anacheka jikoni. Nasema wazi: ile ilikuwa miezi mizuri kuliko mingi niliyowahi kuwa nayo. Kisha Krismasi tukampeleka kijijini kwake Igowole, Mufindi, kusalimia, na ilipofika siku ya kurudi, akakaa kitandani kwake akasema haendi.

"Kule kwenu naletewa," alisema. "Naletewa chai, naletewa maji, naletewa gauni. Nimekuwa mtu wa kuletewa tu. Hapa nitajiletea."

Kwa hiyo mdogo wangu alipotoa sharti lake, kila mtu alinigeukia mimi. Kuna seremala kwenye ukoo, tatizo ni sanduku, basi seremala atengeneze kitu. Nilipendekeza rafu za wazi. Mama akakataa: nguo zitashika moshi, na kila anayeingia kumsalimia kamwene atahesabu sketi zake za ndani. Nikapendekeza kabati la milango. Mdogo wangu akasema, na kwa hilo alikuwa sahihi, kwamba ukivuta kitenge kilicho chini ya rundo kwa mkono mmoja, rundo zima linakufuata. Zikabaki droo. Kila nguo na mahali pake, unavuta, unachukua, unasukuma.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na nafsi yangu ulipoanzia, kwa sababu nilikuwa naombwa kutengeneza kitu ambacho kikifanya kazi vizuri kitaniondolea mama.

Kabati la kwanza nililitengeneza kwa fahari. Mbao zilikuwa paini ya Mafinga iliyokauka chini ya paa langu mwenyewe, si ile wanayokuuzia bado inatoa machozi. Nilifanya droo tatu pana, kila moja ina vishikio viwili vya shaba, kimoja kushoto na kimoja kulia, maana droo pana yenye kishikio kimoja inaonekana kama uso wenye jicho moja. Lori lililokuwa limeshusha mbao Mbeya na linarudi tupu likanibebea hadi Mafinga, kutoka pale nikakodi pikapu. Tuliliingiza chumbani kwa mama, jirani akapiga vigelegele, nikapangusa vumbi kwa kiwiko na kusema, "Haya mama, fungua."

Mama akashika kishikio cha kushoto, akavuta. Droo ikatoka kidogo upande ule, ikauma. Akavuta tena, ikauma zaidi.

"Hii imekataa," alisema.

"Haijakataa. Mbona unavuta upande mmoja?"

"Mkono nilio nao uko upande mmoja."

Nilijisikia mjinga, na mtu akijisikia mjinga mbele ya mama yake hukasirika. Hili ni jambo ambalo hata anayeanza kazi hii analijua. Droo ikiwa pana kuliko urefu wake wa kwenda ndani, ukiivuta pembeni inageuka, kona zake zinabana kwenye kuta za kabati, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kubana. Ndiyo maana vishikio ni viwili: mikono miwili inavuta sawasawa. Kabati zima nilikuwa nimelitengeneza kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili. Nilikuwa nimemtengenezea mama yangu wa zamani.

Nilimwambia ashike katikati, palipokuwa hapana kitu cha kushika. Akaweka vidole vyake juu ya ukingo, akaniangalia kwa upole ule unaoudhi. Nikazitoa droo zote nikaondoka nazo, nikaliacha kabati limebaki na mashimo matatu. Njiani nilijisemea kwamba ni Mungu. Pasaka ingefika, mdogo wangu angekuja, na mama angerudi kwenye kigoda chake. Nilijisemea hivyo mpaka Makambako. Kutoka Makambako nilianza kupiga hesabu za droo nyembamba.

Sijui niieleze vipi hali hii kwa mtu ambaye hana ufundi wowote. Unaweza kutaka jambo kwa moyo wote, na mikono ikawa inataka lingine. Mke wangu aliniona nachora kwenye kipande cha plaiwudi, akauliza, "Si ulisema unataka akae huku?" Nikamwambia nataka. "Sasa?" Nikamwambia ananizibia mwanga.

Droo mpya nilizifanya nyembamba na ndefu, ziingie ndani zaidi ya upana wake, ili hata zikivutwa vibaya zisipate nafasi ya kugeuka. Kila moja nikaiwekea mpini mmoja katikati, mnene, wa mbao, unaojaa kiganja. Reli za mbao nikazisugua mshumaa mpaka zikawa zinateleza. Nyuma ya kila droo nikaweka kizuizi kidogo cha kugeuza, ili mama akivuta kwa nguvu isimwangukie miguuni. Kizuizi kile nilijivunia sana. Nilijua hakuna mtu atakayekigundua. Ndani ya droo sikupaka vanishi, maana harufu yake huingia kwenye nguo na haitoki, na fundi anayejiheshimu huiacha mbao ya ndani ilivyo, nyeupe na safi.

Nilikwenda nikagawa yale mashimo kwa mbao za kusimama, nikazipachika droo. Mama akavuta ya kwanza, ikaja. Akavuta ya pili, ikaja. Akaisukuma kwa nyonga, ikarudi. Akafanya hivyo na zote, halafu akarudia tena zote, na mara ya pili alikuwa anatabasamu kwa upande ule wa uso unaotabasamu. Nilirudi Mbeya nikiwa nimefurahi na nimenuna kwa pamoja, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote.

Hazikupita wiki nyingi, jirani akapiga simu. Aliongea kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba wa mbali. "Baba, zile droo zako zimegoma. Zimegoma zote."

Nikadhani ni mvua. Igowole wakati ule ukungu unashuka mpaka mlangoni, mbao zinavimba, ni kawaida. Nikachukua randa nikaenda. Nilipoingia uani nilisimama. Palikuwa na mkeka, ule wa kuanikia mahindi, na juu yake droo zangu zote zimepangwa zikitazama juu, zinapigwa na kile kijua kidogo kilichokuwepo. Pembeni kulikuwa na beseni la maji ya sabuni na gunzi la kusugulia.

"Mama, nini hiki?"

"Tumeosha," alisema mama.

"Mmeosha nini?"

"Droo. Tuliosha wiki ile, zikakataa kuingia. Tukasema labda hazijatakata vizuri, tukaosha tena."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Waliziosha, zikavimba, wakadhani ni uchafu, wakaziosha mara ya pili. Nikainua moja. Sakafu yake ya plaiwudi ilikuwa imefumuka pembeni, tabaka zimeachana, na ubavu umejikunja kama chapati iliyosahaulika juu ya kikaango.

"Nani amewaambia droo inaoshwa?"

Jirani akanitazama kama vile mimi ndiye niliyepigwa na kiharusi. "Mbao isiyo na vanishi si inaoshwa? Kigoda unaosha. Mwiko unaosha. Meza ya jikoni tunasugua kila Jumamosi kwa mchanga. Hii uliileta nyeupe, ina unga wa mbao ndani. Tukasema amesahau, ni mwanaume."

Na kwa kweli, hata mimi nimelelewa hivyo. Katika nyumba ile kila cha mbao kilichokuwa cheupe kilisuguliwa mpaka nyuzi zake zikasimama, na nimesugua mwenyewe meza hiyohiyo nikiwa mtoto, magotini, kwa gunzi. Iliyopakwa rangi ndiyo iliyopanguswa kwa kitambaa. Hiyo ndiyo sheria, haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Nilikuwa nimewapelekea wanawake wawili wa Mufindi mbao nyeupe na kutegemea wasiisugue. Nikauliza walizitoaje zile droo ilhali kizuizi nilikificha.

"Kile kijiti cha nyuma?" alisema jirani. "Si unageuza tu."

Nilikaa juu ya rundo la kuni. Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama akaja akasimama mbele yangu, mkono wake wa kulia umelala tumboni kama mtoto aliyesinzia.

"Usinunue ugomvi na beseni," alisema. "Sema kama haiwezekani. Nitamwambia mdogo wako haiwezekani."

Alisema bila kunilaumu, na nilijua anamaanisha. Angefunga mzigo wake. Neno moja tu lingetosha, na lisingekuwa hata uongo, maana droo zile zilikuwa zimekufa kweli. Nikafungua mdomo niseme haiwezekani, nikajisikia nikisema, "Nipe futi yangu, iko kwenye mfuko."

Nilipima kila kitu upya. Mbeya nikaenda kwenye duka la Mhindi mmoja mzee anayeuza vitasa na bawaba, nikamwomba reli za chuma, zile zenye gololi ndani, ambazo hazijali kama kuna ukungu au jua. Akazitoa kwenye boksi, akaivuta moja mbele ya macho yangu, ikatoka bila sauti. "Hii fundi, hata mtoto mchanga anavuta," alisema. Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Nikatengeneza droo upya. Safari hii nikazipaka vanishi ndani na nje, mapema, nikaziacha kwenye upepo mpaka hata mke wangu mwenye pua ya paka akasema hazinuki. Nikazipeleka Igowole Ijumaa Kuu, nikaanza kufunga Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa amesema atafika mchana.

Reli za chuma hazina huruma. Mbao ukikosea kidogo unasugua, unasamehewa. Chuma kinataka pengo sawa kulia na kushoto, juu na chini, la sivyo kinakwaruza. Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Nilipomaliza ya mwisho na kusimama kunyoosha mgongo, droo ya juu ikatoka yenyewe, polepole, mpaka mwisho, kama mtu anayenitolea ulimi. Nikaisukuma. Ikatoka tena, na ya pembeni yake nayo ikaifuata.

Ilikuwa sakafu. Marehemu baba aliimwaga saruji ile mwenyewe, na aliitelemsha kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke yenyewe. Reli za mbao hazikuwa zimeliona hilo, lakini za gololi ziliona mara moja. Nililala kifudifudi na pima maji, nikawa nachonga vipande vyembamba vya mbao na kuviingiza chini ya miguu ya mbele. Nje nilikuwa namsikia mama na jirani wanapukuchua mahindi na kubishana kuhusu nyimbo za kesho kanisani.

Nikiwa pale chini, shavu langu liko kwenye saruji ya baba, nilifikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ningeweza kuchomoa kipande kimoja. Kabati lingebaki limeinama kidogo sana, hakuna ambaye angeona, na droo zingekuwa zinatoka zenyewe. Mtu mwenye mguu unaoburuta, chumba kina droo zinazotoka zenyewe. Mdogo wangu asingehitaji hata kuvua viatu. Angesema, "Umeona, kaka? Hatari tupu." Na jioni ya Jumatatu ya Pasaka mama angekuwa Soweto, ananiambia miguu ya kiti ni myembamba.

Nilikaa na wazo hilo muda wa kutosha kuona aibu. Kisha nikakisukuma kile kipande kwa ncha ya patasi mpaka kikakaza, nikaweka pima maji juu, kiputo cha hewa kikasimama katikati kabisa. Nikagongea msumari.

Mdogo wangu alifika na begi na sauti yake. Alisalimia, akakataa chai, akasimama mlangoni mwa chumba mikono kifuani. "Haya mama. Sisi tunatoka. Vaa nguo za kanisani, kuanzia mwanzo. Usimwite mtu."

Tulikaa uani, mimi, yeye na jirani. Tulisikia miguu ya mama, mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta. Sauti ya droo hatukuisikia kabisa. Mdogo wangu akaanza kunitazama, nami nikaanza kutazama kuku. Nilitaka ashindwe, na nilikuwa naomba ashinde, na mambo hayo mawili yalikuwa yanasukumana ndani ya kifua changu bila moja kulipisha lingine.

Mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, kitenge kimefungwa kwa fundo ambalo lilionekana wazi limekazwa kwa meno, kitambaa cha kichwa kimeegemea sikio. Mkononi alishika leso. Alikuwa amekumbuka hata leso.

"Ina droo yake," alisema, akaipunga.

Mdogo wangu, yule mwalimu, akafunika uso kwa viganja vyote viwili akalia. Jirani akamrekebisha mama kitambaa, mama akampiga mkono wake, "Acha, nimefunga mwenyewe." Halafu akanijia, akaniwekea kiganja cha kushoto kichwani kama anavyofanya mchungaji, akasema, "Umefanya kazi, baba." Katika maisha yangu yote ya useremala sijawahi kulipwa vizuri namna ile, na sijawahi kutoka kwenye kazi nikiwa na uchungu namna ile.

Jumatatu nilipanda gari peke yangu.

Siku hizi nampigia karibu kila jioni, nikishafagia vumbi. Huniambia nani amefariki, nani amebatiza, mahindi yamefikia wapi. Wiki iliyopita tulimaliza hayo yote, nikamwuliza droo zinaendeleaje.

"Zinateleza."

"Hakuna iliyoanza kukwama?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Mvua si imeanza. Kama ipo inayokwaruza sema tu, nije niangalie."

Nilisikia mguu wake ukiburuta kwenye sakafu, nikajua amesimama akaenda chumbani, na simu ameibana kwa bega. Alikaa huko kidogo. Nilimsikia anahema.

"Nimejaribu zote, baba," alisema. "Hata moja haikwami."